Hema Lililokwenda Matangani

Sumaili alikuwa amepiga magoti barazani, akiikunjia taa ya karabai ndani ya blanketi la kijivu taratibu, kama mtu anayemfunika mgonjwa. Kioo cha taa alikwisha kukitoa na kukizika ndani ya kopo la mchele. Mchele hukishika kioo pande zote usikiache kitikisike, na safari ikifika mwisho mchele wenyewe unaliwa. Alilizungushia blanketi kamba, akakaza fundo kwa meno, kisha akaibeba taa kwa mikono miwili mpaka mahali pake ukutani.

Mizigo ilipangwa chini ya upenu kwa mfuatano wa kutoka. Kwanza masanduku ya bati yenye nguo na karatasi za Bwana, kisha kitanda cha kukunja pamoja na chandarua chake, kisha sanduku la jikoni, sufuria ndani ya sufuria, na katikati ya ile ndogo kabisa kifuko cha chumvi ili kisipate maji. Baada ya hapo chungio la maji, kiti, meza, na beseni la turubai la kuogea. Kila mzigo Sumaili alikuwa ameunyanyua mwenyewe. Hakupenda kumtwika mtu kitu ambacho shingo yake mwenyewe haijakionja.

Mwishoni mwa mstari palibaki pengo. Hapo ndipo pa hema. Kinachotakiwa kwanza kambini ndicho hufungwa mwisho nyumbani. Ndivyo alivyofundishwa na mzee Faradji, mpagazi wa zamani aliyekaa nyuma ya msikiti, tangu siku ambazo Sumaili hajaota ndevu. Na hema hilo lilikuwa na mbebaji wake, Kasimu, mtoto wa huyo huyo Faradji. Katika Kasongo nzima hakuna shingo nyingine iliyoweza kulifikisha kambini bila kupokewa njiani.

Mwenye mali yote hii alikuwa mzungu wa pamba. Watu walimwita Bwana Kipimo, maana hakuweza kupita kando ya shamba la mtu bila kuukunjua utepe wake. Sasa alitaka kwenda kupima pamba upande wa Kabambare, kwenye vijiji ambavyo kamyo, yaani lori, haifiki, na kila alichokihitaji kulala, kula na kuoga kilipaswa kwenda juu ya vichwa. Sumaili alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa wapagazi wake. Kwa kuwa stoo ya Bwana ilivuja, mizigo ilifungwa hapa nyumbani kwa Sumaili, mbele ya macho ya mke wake, Amisa.

Adhuhuri hiyo Sumaili alikuwa amerudi kutoka Nyangwe, alikokwenda kutafuta wapagazi na samaki wakavu wa posho. Alipokelewa na habari mbili mlangoni, hata maji ya kunawa hayajaletwa. Moja ilitoka kwa karani: safari iliyokuwa ya wiki ijayo imekuwa ya kesho alfajiri, kwa sababu mto Luama unajaa na Bwana anataka kuvuka kabla haujamfungia njia. Ya pili aliitoa Amisa mwenyewe: mzee Faradji amefariki, amezikwa jana. Sumaili aliketi kwenye kigoda na vumbi lake mwilini. Alipoinuka alisema atamaliza kwanza mizigo, halafu baada ya alasiri aende matangani moyo wake ukiwa hauna mzigo. Amisa aliingia ndani akatoka na ungo.

"Mama Zuberi," Sumaili aliita sasa, akipangusa mikono. Zuberi alikuwa mtoto wao wa kwanza, aliyekwenda kwenye migodi ya Kalima. "Ile hema umeikunja?"

Amisa alikuwa akipeta mchele wa njiani. "Kushona nilimaliza," alisema. "Matundu yote ya muchwa nilitia kiraka, juu ya kiraka nikapaka nta. Haivuji hata tone."

"Mukono yako naijua. Nauliza iko wapi."

Ungo ulisimama.

"Iko matangani."

Alimweleza bila kupandisha sauti, huku akitazama mchele. Kwa mzee Faradji paa lilikwisha kubomolewa na dhoruba ya mwezi uliopita, na mwenyewe alikuwa akiugua, hakuna aliyepanda kuliezeka. Alipokata roho mvua ilikuwa ikinyesha. Wakati wa kumwosha, wanaume walishika mikeka juu ya maiti, mikeka ikajaa maji, maji yakamwagikia maiti tena kutoka juu, machafu. Aliyekuwa akiosha aliacha, akaanza upya. Akaacha, akaanza upya. Amisa alisimama pale na wanawake wenzake akaona ni aibu ya mtaa mzima. Akarudi nyumbani mbio, akajitwika hema la Bwana. Mzee Faradji alioshwa chini yake, akakafiniwa chini yake, na tangu hapo wafiwa walikuwa wameketi chini yake.

"Ungeniuliza," Sumaili alisema.

"Ningekuuliza wapi? Weye ulikuwa Nyangwe, na maiti ilikuwa inalowa."

Sumaili alirudi kwenye mstari wa mizigo, akakaza kamba ambayo ilikuwa imekwisha kukazwa.

Wote wawili waliijua sehemu iliyobaki. Kwao, kivuli kikishawekwa juu ya wafiwa hakiondolewi mpaka hitima isomwe siku ya tatu. Anayekiondoa kabla amemfukuza marehemu mlangoni kwake mwenyewe, na mtu wa namna hiyo siku yake ikifika hutafutiwa wa kulibeba jeneza lake asipatikane. Siku ya tatu baada ya maziko ilikuwa kesho kutwa. Wasafiri wanaondoka kesho. Na kapita aliyemtangulia Sumaili, ambaye hakupoteza zaidi ya chungio la maji wakati wa kuvuka mto, alilala buloko, jela ya serikali, mpaka miguu ikamvimba. Alipotoka alirudishwa kulima pamba ya lazima, na hadi leo akipita hapo barabarani huwa hainui macho.

*

Karani wa Bwana alifika kwa baiskeli, kaptula yake nyeupe ikiwa na matone ya tope. Aliitwa Théophile, kijana wa kabila la Wazimba aliyesoma kwa mapadri, mpole lakini mwenye haraka ya watu wa ofisi. Aliupita mstari wa mizigo akiigusa mmoja mmoja kwa ncha ya kiatu, si kwa dharau, ila kama mtu anayegusa mbuzi waliolala kuona kama wako hai. Alipofika kwenye pengo alisimama.

"Kapita, hema?"

"Inakauka," Sumaili alisema.

Amisa alikohoa ndani. Théophile aliangalia mbingu, iliyokuwa imefunga kutoka upande wa Lualaba mpaka juu ya kanisa.

"Inakauka," alirudia. Kisha alichuchumaa karibu na baiskeli yake, akaanza kushughulika na mnyororo ambao haukuwa na kasoro. "Kapita, asubuhi nilipita kwa muzee Faradji kutoa pole. Baba yangu alizoea kunieleza, ni yeye alibeba kengele ya kanisa yetu toka mutoni. Nikakaa kidogo chini ya kivuli. Kivuli muzuri. Sikuuliza ni ya nani."

Sumaili aliinama, akalisawazisha beseni la turubai lililokuwa karibu na pengo.

"Bwana akiniuliza leo, nitasema mizigo iko sawa. Lakini kesho hataniuliza miye, ataangalia yeye mwenyewe. Unamujua. Anahesabu mizigo, anahesabu vichwa. Vikilingana, anavaa kofia, anakwenda. Visipolingana..." Aliuachia mnyororo, akasimama, akatafuta pa kupangusia mafuta. Amisa alimletea kitambaa. Alimshukuru, akampa pole ya msiba kama vile marehemu alikuwa wa nyumba hiyo, akapanda baiskeli yake.

Alipokwisha kupotea, Amisa alisema, "Ule mutoto ana adabu."

"Ana adabu," Sumaili alikubali. "Lakini adabu yake haiwezi kulala ndani ya pengo hili."

Alichota maji, akanawa, akaswali alasiri. Halafu akavaa kanzu na kofia, akachukua fimbo yake ya ukapita kwa mazoea. Amisa alijitwika kikapu cha ndizi akamfuata nyuma, na walipokaribia msikiti alikata kupitia njia ya wanawake, nyuma ya nyumba.

*

Hema aliliona toka mbali. Lilisimama uani kwa mzee Faradji likiwa limenyooka barabara, kamba zake zimekazwa sawasawa pande zote, vigingi vimeinama kuelekea nje inavyotakiwa. Ni Kasimu aliyelisimamisha. Fundo lake Sumaili alilijua. Hata kambini mbele ya Bwana hema halikupata kusimama vizuri hivi. Alijikuta amefurahi kwa muda mfupi, kama fundi anayeona kazi ya mwanafunzi, kabla ya kukumbuka kilichomleta.

Aliiegemeza fimbo kwenye uzio, akavua viatu, akaingia. Wanaume walikuwa wameketi kwenye mikeka bega kwa bega. Aliwasalimu, wakaitika, lakini hakuna aliyesogea. Nafasi iliyobaki ilikuwa ukingoni, chini kabisa ya mshono wa turubai, pale maji ya mvua yanapojikusanya yakadondoka. Alikaa hapo. Tone la kwanza lilimwangukia begani.

"Kapita amekuja kuangalia mali ya Bwana kama ni salama," Kasimu alisema. Alikuwa amekaa karibu na mlango wa nyumba, macho mekundu, kifua kipana kimejikunja kama gunia lililotolewa mzigo. Watu walicheka kidogo, kicheko cha msibani kinachokatika mara tu kinapoanza.

Sumaili alitoa pole zake polepole. Alisema alikuwa Nyangwe, hakujua, na kwamba mzee huyu ndiye aliyemfundisha kushika kamba. Wakamwitikia amina. Kisha, kwa kuwa hakukuwa na njia ya kulizunguka jambo lenyewe, alilitamka. Alieleza kuwa safari imevutwa mbele na Bwana anaondoka alfajiri. Hakusema atafanywa nini. Kila aliyeketi pale alikuwa na ndugu aliyewahi kulala buloko.

Mzee Atumani, aliyekuwa akisoma Kurani hapo, alifunga msahafu kwa kidole ndani. Alisema hajapata kuona kivuli cha mfu kikivunjwa siku ya pili, wala hajapata kusikia habari yake kwa waliomtangulia. Alisema hivyo kwa huruma, na huruma hiyo ilimwumiza Sumaili kuliko kama angekaripiwa.

"Achukue," Kasimu alisema. "Vigingi ni hivi. Ng'oa, Kapita. Lakini siku yako ya kufa, Bwana Kipimo ndiye akuoshe."

Hakuna aliyecheka sasa.

"Na tena," Kasimu aliendelea, sauti ikishuka, "ule muzigo ni wa nani kesho? Si wangu? Jina yangu si iko kwako? Basi nitamwacha baba siku ya pili, nibebe hema iliyomufunika, niipeleke Kabambare mutu mwingine alale chini yake. Ama utanitumia polisi?"

Kweli, Sumaili angeweza kumtumia polisi. Kasimu alikuwa ameandikishwa, na mtu aliyeandikishwa haulizwi kama amefiwa. Wote walijua, wakamngoja. Tone jingine lilidondoka, likapenya kanzu mpaka kwenye ngozi. Sumaili aliona kuwa kuna mambo mawili yaliyokosekana kwenye mstari wake barazani, hema na kichwa cha kulibeba, na yote mawili yalikuwa hapa, na yote mawili yalikuwa na haki ya kuwa hapa.

"Hautakwenda," alisema. "Weye ukae na baba yako mpaka hitima."

"Na kichwa yangu atatoa nani?"

"Hiyo niachie miye."

Kabla Kasimu hajajibu, sauti ilitoka ndani ya nyumba. Ilikuwa ya mjane, Bi Aziza, aliyekuwa amekwisha kuingia eda na hakuonekana na wanaume. Alikuwa ameketi nyuma ya ukuta wa fito na udongo, karibu kabisa nao, hata mtu angeweza kusikia akivuta pumzi.

"Nani huyo anaongea? Ni Sumaili?"

"Ni miye, mama."

"Mbona unaongea kama mutu aliyesimama? Kaa."

"Nimekaa, mama."

"Umekaa wapi?"

Sumaili alisita. Watu walitazama mikeka. "Hapa ukingoni."

"Penye kutonya," Bi Aziza alisema. "Kasimu, musogelee."

Kasimu alisogea. Mstari mzima wa wanaume ulisogea, bega kwa bega, mpaka nafasi kavu ikapatikana, na Sumaili akaihamia.

"Sasa unijibu," mjane alisema. "Marehemu bwana yangu alipochoka njiani, alitua muzigo kwenye matope?"

"Hapana, mama. Hakutua."

"Alifanya nini?"

"Aliita mwenzake. Mwenzake anatia bega chini ya muzigo kwanza. Likiisha kuingia, yeye ndiyo anatoa la kwake."

"Muzigo unagusa chini?"

"Haugusi."

"Basi tieni bega ingine," Bi Aziza alisema.

Ilichukua kitambo watu waelewe. Mzee Atumani ndiye aliyeelewa kwanza. Alitoa kidole ndani ya msahafu, akaangalia juu kwenye turubai, akaanza kufikiri kwa sauti. Wakisimamisha kivuli cha majani juu ya hema, hema likiwa bado limesimama, kisha wakalitoa hema kwa chini, wafiwa hawatakuwa wamekosa kivuli hata kwa muda wa kupepesa macho. Hakuna kitakachokuwa kimevunjwa. Aligeuka huku na huku kuona kama kuna mwenye hoja. Mmoja alisema kitu kama hicho hakijafanyika. Mzee Atumani alijibu kwamba hata hema la mzungu halikuwa limewahi kufunika maiti ya Mwislamu hapa mtaani, na bado Mungu aliipokea.

"Majani gani, na mvua hii?" Kasimu aliuliza, lakini aliuliza akiwa amekwisha kusimama.

Kutoka nyuma ya nyumba ilisikika sauti ya Amisa ikisema mangongo yako tele bondeni chini ya kisima. Walipochungulia, waliona wanawake wamekwisha kushika visu na kanga zimefungwa viunoni, wanateremka. Kumbe walikuwa wakisikiliza toka mwanzo.

*

Walifanya kazi wakati mvua inakuja na kuacha. Kasimu na vijana wawili walichimbia nguzo nje ya kamba za hema, wakalaza fito juu yake, wakafunga kwa kamba za porini zilizokuwa bado na utomvu. Wanawake walipanda kutoka bondeni na majani mapana ya mangongo vichwani, yale yale ambayo nusu ya nyumba za huko zimeezekwa nayo, wakiyapanga kwa mafungu na kuyatoboa mashina ili yashike kwenye fito. Sumaili alisimama chini, kanzu imekunjwa kiunoni, akipokea majani na kumpa Kasimu aliyekuwa juu. Hawakuzungumza ila mambo ya kazi: leta, ngoja, hili limechanika, bana hapo. Mara moja Kasimu aliteleza, na Sumaili akamshika kisigino. Kisigino kilitulia mkononi mwake, kisha kikaendelea.

Chini ya vivuli vyote viwili mzee Atumani aliendelea kusoma. Bi Aziza ndani aliuliza mara kwa mara wamefika wapi, na mtu akamjibu kupitia ukuta.

Jua lilipokuwa linaelekea kuzama walikuwa wamefunika kilele chote na upande mmoja unaotazamana na upepo. Upande wa pili ulikuwa bado fito tupu. Lakini juu ya vichwa vya wafiwa palikuwa pamezibwa. Mzee Atumani alitazama, akaitikia kwa kichwa akisema panatosha. Upande uliobaki wataumaliza kesho.

Ndipo walipolitoa hema. Kasimu hakutaka mtu mwingine ang'oe kigingi. Alizilegeza kamba moja moja, kisha watu wakashika turubai kwenye pembe, wakalishusha na kulivuta kwa chini polepole, kama shuka inavyotolewa chini ya mgonjwa aliyelala. Watu waliokuwa wamekaa waliinamisha vichwa kulipisha. Halikumgusa yeyote. Lilipotoka, mwanga wa jioni uliingia chini ya majani, wa kijani, na nyuso zikaonekana kama zimetoka mbali.

"Imekwisha?" Bi Aziza aliuliza.

"Imetoka, mama."

"Muzigo umegusa chini?"

"Haukugusa."

Wakamsikia akilia, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Kasimu alilikunja hema mwenyewe, kwa mkunjo wa baba yake, pembe ndani ya pembe, vigingi katikati. Lilikuwa limelowa. Alilinyanyua akalitwika kichwani, na Sumaili aliona shingo ile ikishuka kidogo kabla ya kukaza. Walitembea pamoja mpaka kwenye uzio. Hapo Kasimu alisimama.

"Miye naishia hapa, baba."

Hakusema Kapita. Sumaili aliinama, akapokea. Uzito ulimshuka mpaka magotini. Walipoachana, Amisa alikuwa amekwisha kuichukua ile fimbo pale uzioni, akawa anatembea nayo nyuma yake kama kitu cha kuokota.

*

Wapagazi kutoka Nyangwe walifika wakati wa magharibi kutazama mizigo yao, kama ilivyo desturi, kila mtu achague kabla hakujakucha. Walizunguka barazani wakinyanyua, wakitania. Mwenye kiti alimcheka mwenye sanduku la jikoni kwamba atanuka vitunguu mpaka Kabambare. Mwenye sanduku la jikoni akasema afadhali kunuka vitunguu kuliko kubeba makalio ya Bwana. Lakini hema lililotandikwa juu ya ua lilidondosha maji, na kila mmoja alilipita kwa mbali. Habari ilikuwa imewafikia njiani, kama habari zinavyofika. Mkubwa wao alimwambia Sumaili kwa heshima kwamba hawana neno na marehemu. Ila kitu kilichofunika maiti hubaki na uzito wake, na wao wana watoto.

Sumaili hakubishana. Aliwapa posho yao, akawaonyesha pa kulala, na walipokwenda aliwasha kibatari akakiweka kizingitini.

Amisa alikuwa amekaa kando ya ua, mkono ukipapasa turubai.

"Bado inanuka ubani," alisema.

"Upepo utaondoa."

"Viraka vimeshika. Umeona? Hata kimoja hakikuvuja." Alifuata mshono kwa kidole. "Ilitonya kwenye mushono tu. Mushono haukuwa wangu."

"Niliuona."

Amisa akangoja. Alimjua mume wake. Alijua kuwa mtu huyu akishaamua jambo hulifunga kwanza vizuri kabla ya kulitoa. Sumaili alikwenda kwenye hema, akashika pembe moja, akainua, akalisikiliza kwa mkono. Halafu akainua pembe ya pili.

"Ni weye," Amisa alisema.

"Bwana anahesabu vichwa. Kichwa ni kichwa."

"Kapita habebi."

"Kesho atabeba."

"Utapita sokoni nayo. Watu watakuona. Ule karani atakuona, na wale wa Nyangwe watatembea mbele yako mikono inapepea."

"Waone." Aliachia turubai, akajipangusa mikono kwenye kanzu iliyokuwa imekwisha kuharibika. "Ukiniuliza kama napenda, nitakuambia sipendi. Hiyo tu."

Amisa hakumwuliza. Aliingia ndani akatoka na maganda makavu ya mgomba, akayachovya majini, akaketi kwenye mkeka. Alianza kuyasokota kata ya kukalishia mzigo kichwani. Ilikuwa zamani sana tangu alipomsokotea mara ya mwisho, wakati Zuberi bado mgongoni na Sumaili bado mpagazi tu, lakini vidole havikusahau. Alisokota mduara wa kwanza, akausimamisha.

"Inama."

Sumaili aliinama mbele yake. Amisa alimvua kofia akaiweka kando, akamzungushia ganda kichwani, juu kidogo ya masikio. Kichwa kilikuwa kimepungua nywele. Alishika alama kwa ukucha, akaendelea kukishika kidogo kuliko ilivyohitajika kwa kipimo.

"Kimekuwa kidogo," alisema.

"Kata iwe nene basi."

Alisokota mduara wa pili juu ya wa kwanza, akavuta, akaona unateleza. Alivuta tena. Akauachia, akatikisa kichwa.

"Maganda yamekunywa maji mingi. Nikifunga sasa, yakikauka njiani yatalegea, na muzigo utakukalia kwenye mufupa. Yalale. Alfajiri nitamaliza."

"Hema nayo haijakauka."

"Nayo ilale."

Aliinuka akaibeba ile kata ambayo haijafungwa, ncha zake zikining'inia, akaenda nayo mpaka mwisho wa mstari wa mizigo. Akaiweka chini, ndani ya pengo, mahali pa hema.